Dakika 20 hazitoshi kukaanga chipsi kuku

Ndugu Mhariri,

Tangu mabasi ya mikoani yaruhusiwe tena kutembea usiku mwaka 2023, chipsi kuku za njiani ndizo chakula cha usiku cha abiria wengi wanaotoka Dar es Salaam. Basi likiondoka Stendi ya Magufuli saa tatu usiku, Morogoro linafika kwenye saa saba. Kondakta anatangaza dakika 20, kula na kuchimba dawa. Dakika hizo ndizo zinazoharibu chakula.

Piga hesabu. Chipsi zilizokaangwa nusu zinataka dakika tatu au nne kwenye mafuta ya nyuzi 180 hivi za Selsiasi ili ziive na kukauka. Tuseme karai moja linatoa sahani tano kwa mkupuo. Wakishuka abiria 30, hiyo ni mikupuo sita, dakika 18 hadi 24, na bado kuku hajakatwa wala chenji haijarudishwa. Mkaangaji aliyezidiwa atajaza karai pomoni. Mafuta yatapoa, viazi vitayanywa badala ya kukaangika, na utapewa chipsi zilizolegea zinazolowanisha mfuko hata kabla basi halijapiga honi. Asipofanya hivyo, atachota zilizolala kabatini.

Hilo kabati la kioo lina taa ya njano inayowadanganya watu. Inamulika, lakini haipashi vya kutosha. Chakula cha moto kinatakiwa kikae juu ya nyuzi 60. Kikibaki vuguvugu kwa saa kadhaa, vijidudu vinazaliana humo. Angalia kioo kwa ndani. Kikiwa na jasho, matone yanateremka, basi kuku wa chini amelala kwenye maji ya mvuke wake mwenyewe.

Chipsi hazinitishi sana, maana ni nyembamba na moto unazipenya upesi. Kuku ndiye wa kuangaliwa. Paja zima lililokaangwa mapema likizamishwa tena dakika mbili, ngozi inakuwa nyekundu ya kupendeza huku nyama ya mfupani ingali baridi. Mwombe mkaangaji akate vipande kwanza, ndipo avirudishe kwenye mafuta dakika nne au tano. Ukimega, mvuke utoke mpaka karibu na mfupa. Wengi wanafanya kinyume: wanakaanga, kisha wanakata juu ya ubao uleule uliopitiwa na kuku mbichi, na kazi yote ya moto inapotea hapo.

Mwenye haraka aagize chipsi mayai. Mayai mawili yanavunjwa mbele yake, yanamwagwa juu ya chipsi kwenye kikaango, yanageuzwa kwa sahani, na dakika tano hazifiki kabla hajapewa. Asile yakiwa bado yanateleza katikati. Kachumbari iliyokatwa tangu jioni aiache. Aombe ndimu ikatwe palepale.

Makondakta wanaweza kuliondoa tatizo hili kwa simu mbili. Basi likipita Chalinze, kondakta ahesabu watu: kavu ngapi, mayai ngapi, kuku ngapi, kisha apige simu ya kwanza. Mkaangaji ana saa nzima na ushee ya kuwasha karai la pili, kuchuja mafuta na kukata kuku. Simu ya pili ipigwe zikibaki dakika kumi, na hapo ndipo kukaanga kuanze. Akianza kwa simu ya kwanza, tumerudi kwenye kabati lilelile.

Naiomba LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, iweke angalau dakika 30 kwa kituo cha chakula cha usiku, ili dereva asiogope kuchelewa wala abiria asimeze bila kutafuna. Na maafisa afya wa halmashauri zilizo njiani wakague vibanda hivi saa saba usiku, mabasi matatu yakiwa yameingia kwa pamoja. Ukaguzi wa saa nne asubuhi utawaonyesha karai safi na kabati tupu.

Mkaanga chipsi,
Manzese, Dar es Salaam