Rajabu, tafuta daktari wa mkojo mapema

Mwanangu Rajabu,

Asalaam aleikum. Juzi uliniuliza kwenye simu nimekwenda Moshi mara tatu kufanya nini, nikakujibu "mambo ya shamba". Shamba gani tena Moshi? Wajukuu walikuwa wamenizunguka, na haya ni maneno ambayo mtu mzima hayasemi mbele ya watoto. Basi nayaandika.

Nilikuwa sikojoi vizuri. Ilianza mwaka jana, kabla ya Ramadhani. Usiku naamka mara nne, mara tano, nafika chooni nasimama kama nasubiri basi, kinachotoka ni kijitone cha kuchekesha. Kilichoniumiza zaidi ni swala. Natawadha, naingia msikitini, nikienda rukuu tu nasikia tone. Narudi nyumbani kubadilisha nguo. Mwisho nikawa naswali chumbani, imamu nikamwambia ni magoti. Mzee Mandela alipokutwa na saratani ya tezi dume mwaka 2001, ana miaka 83, dunia nzima iliambiwa. Mimi wa Mwanga nasingizia magoti.

Nilivyohangaika, usicheke. Zahanati moja walinipa dawa za UTI mara nne, mkojo wenyewe hawakuupima hata mara moja. Halafu kijana mmoja pale stendi, ana kompyuta. Unashika chuma mkononi, dakika moja inatoa orodha: figo zimechoka, ini lina mafuta, tezi dume imevimba. Akaniuzia makopo matatu ya unga wa virutubisho kwa bei ya mbuzi. Unga ulikuwa mtamu, sikatai.

Baadaye nikampata bingwa kwenye kliniki moja ya kulipia. Alitazama karatasi ya damu, kile kipimo cha tezi dume wanachokiita PSA, kimeandikwa 6.8, akasema operesheni wiki ijayo, nije na hela nusu. Hakunigusa. Hakuniuliza hata naamka mara ngapi. Nilitoka pale nimeshaanza kuhesabu mbuzi wa kuuza.

Aliyenishika mkono ni jirani yetu, yule muuguzi mstaafu. Akaniambia, "Mzee wangu, mwili ni wako, nenda kasikilize na wa pili." Akanikumbusha kwamba hospitali ya KCMC pale Moshi ipo tangu 1971, na kwa miaka mingi imekuwa ikisomesha mabingwa wa mkojo, wengine wanatoka nchi jirani kuja kujifunza hapo. Sisi tunaipita tukienda zetu sokoni! Nikaanzia hospitali ya wilaya kuchukua rufaa, maana bila ile karatasi watu wa bima wanakurudisha dirishani.

Huyu wa Moshi alinikalisha. Akauliza nakunywa dawa gani, nina sukari, nani katika ukoo aliugua. Nikamtajia baba yako mkubwa Hamisi. Unakumbuka tulivyosema ni mgongo wa kulima? Haukuwa mgongo, Rajabu. Ilikuwa saratani ya tezi dume, imeshaingia kwenye mifupa. Daktari aliposikia hivyo aliacha kuandika, akanitazama.

Kisha kikaja kipimo cha kidole, ambacho wanaume wa mji huu wanakihadithia kama vita. Ni nusu dakika. Nimeng'olewa jino nikaumia zaidi.

Ile 6.8 akanieleza taratibu. Ikizidi 4, madaktari wengi wanataka kuangalia zaidi, lakini haisemi una saratani. Tezi ikikua kwa uzee inapanda, mkojo ukiwa na maambukizi inapanda. Saratani inathibitishwa kwa kinyama kinachokatwa na kupelekwa maabara. Wakaupima mkojo, kweli una wadudu. Nikatibiwa, damu ikarudiwa baada ya wiki kadhaa: 3.2. Ultrasaundi ikaonyesha tezi ya gramu 60, ya kijana huwa kama 20. Imekua tu, na tutaendelea kuipima.

Tena akanipa kazi: siku tatu niupime mkojo wangu kila ninapokojoa, niandike saa na kiasi. Nilitumia daftari la Zuhura la hesabu, kurasa za nyuma. Niliporudi nalo akacheka, akanionyesha kwa kalamu: baada ya isha nakunywa vikombe vitatu vya chai. Nusu ya safari zangu za usiku ilikuwa chai ya mama yako. Dawa aliyonipa nainywa usiku, kwa sababu siku ya kwanza niliinuka ghafla kitandani nikapata kizunguzungu. Sasa naamka mara moja, na msikitini nimerudi.

Nilimuuliza pia, ikifika siku ya kukata ni yeye au wanafunzi, na ameshafanya ngapi. Jirani ndiye aliyenifundisha kuuliza hivyo. Hakununa. Alisema nani atakuwepo, akaeleza kwamba wanapita kwenye njia ya mkojo bila kupasua tumbo, na kwamba baadaye mbegu nyingi hurudi kwenye kibofu badala ya kutoka. Nikamwambia nimeshazaa wa kutosha.

Sasa wewe. Una miaka 43, na daktari amesema watoto wangu wa kiume wasisubiri dalili. Hapo Dar mna Muhimbili na kliniki tele. Usifuate bango. Hakikisha amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika na ubingwa wake ni wa mkojo hasa, halafu mtazame anavyokuhoji. Akikimbilia kisu kabla ya kukupapasa, chukua karatasi zako uondoke. Zako, narudia, majibu na picha zote. Mimi nimeziweka kwenye mfuko mmoja wa nailoni chini ya godoro. Ila ukiona damu kwenye mkojo, au mkojo ukigoma kabisa na tumbo linajaa, hapo hakuna cha kuchagua. Usiku huohuo hospitali iliyo karibu, wakuwekee mpira wa kutoa mkojo.

Mama yako anajua ugonjwa. Asichojua ni kwamba kopo nililopimia mkojo ni lile lake la mafuta ya kupikia, lenye alama pembeni. Nililisugua kwa sabuni na maji ya moto nikalirudisha kabatini, lakini roho inanisuta kila nikila chapati. Ukija Idi, leta jipya la kufanana nalo, na uliingize kwa mlango wa nyuma.

Baba yako.