Doug Harvey hakuondoka Montreal kwa uzee

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua niseme neno kuhusu makala yenu ya mabeki bora wa hoki ya barafuni. Kwa Bobby Orr mwandishi wenu kafanya kazi nzuri, sina ugomvi naye. Ila alipofika kwa Doug Harvey alimmaliza kwa aya moja tu: mzaliwa wa Montreal, 1924, Kombe la Stanley la ubingwa wa ligi mara 6, mabao 88, halafu mwaka 1961 klabu yake ikampeleka New York kwa kuwa umri ulikuwa umemtupa mkono. Hilo la mwisho ndilo lililonifanya niandike.

Nianze na hayo mabao 88. Ni kweli, tena katika mechi 1,113 za NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, na kwa anayehesabu mabao tu hayo si mengi. Lakini alitoa pia pasi 452 zilizozaa mabao. Zama hizo beki alitakiwa ampige kikumbo mshambuliaji, akinyakue kile kisahani cheusi cha raba na kukibutua mbele, kiangukie popote kitakapoangukia. Harvey hakuwa mtu wa kubutua. Alikichukua nyuma ya lango lake na kuteleza nacho taratibu, wakati mwingine akikatiza mbele ya kipa wake mwenyewe huku mashabiki wakiwa roho mkononi. Alimsubiri mpinzani amjie, na akishamkaribia vya kutosha ndipo alipokiachia kwa mwenzake aliyekwisha kuanza kukimbia. Waliomwona kwa mara ya kwanza walimdhania mvivu. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa akiamua mechi iende mbio au itulie.

Na nguvu ya timu yake, Montreal Canadiens, ilifika mpaka kwenye kanuni. Kabla ya 1956, mchezaji aliyetolewa kwa kosa dogo alikaa kwenye benchi la adhabu dakika 2 kamili na timu yake ikacheza pungufu, hata ifungwe mara ngapi. Canadiens wakaigeuza adhabu hiyo kuwa msiba: Harvey na Bernard Geoffrion nyuma wakigawa pasi, Jean Béliveau na Maurice Richard mbele. Novemba 1955 Béliveau aliwafunga Boston mabao 3 ndani ya sekunde 44, Boston wakiwa pungufu. Msimu ulipokwisha wakubwa wa ligi wakabadilisha kanuni: bao 1 likiingia, mwenye adhabu anarudi uwanjani. Klabu 5 ziliunga mkono, Montreal peke yao wakapinga. Kanuni hiyo inatumika hadi leo.

Sisemi alikuwa malaika wa barafuni. Katika fainali ya 1954 dhidi ya Detroit, mechi ya 7 na ya mwisho, muda wa nyongeza, Tony Leswick alipiga shuti la kubahatisha tu. Harvey akanyoosha mkono alizuie, likaigusa glavu yake na kupaa juu ya bega la kipa Gerry McNeil, na kombe likaenda Detroit. Beki mwingine angezikwa na kosa lile. Yeye, kuanzia 1955 hadi 1962, alitwaa tuzo ya Norris ya beki bora mara 7 katika misimu 8. Mwaka pekee alioikosa, 1959, ilikwenda kwa mwenzake wa timu hiyohiyo, Tom Johnson.

Sasa tuje kwenye huo uzee. Februari 1957 Ted Lindsay wa Detroit alitangaza chama cha wachezaji, na Harvey alikuwa miongoni mwa viongozi wake, makamu wa rais. Walitaka, pamoja na mengine, kujua fedha zao za pensheni zilikuwa zikienda wapi. Ligi ilikuwa na klabu 6 tu, na mkataba ulimfunga mchezaji kwa mwenye klabu; ukikorofishana naye huna pa kwenda. Wamiliki hawakuchelewa. Lindsay, aliyekuwa ametoka kwenye msimu wake bora kabisa, alipelekwa Chicago, timu iliyokuwa ikiburuza mkia. Jimmy Thomson wa Toronto naye akatupwa hukohuko. Kufikia mapema 1958 chama kilikuwa kimesambaratika.

Harvey hakuguswa wakati ule, na sababu iko wazi kwa kila mwenye macho: Montreal walikuwa katikati ya kutwaa kombe mara 5 mfululizo, 1956 hadi 1960. Nani angemuuza? Lakini mwaka 1961 walipotolewa na Chicago, beki aliyekuwa nahodha wao, na mwenye tuzo ya Norris ya mwaka huohuo, akabadilishwa na Lou Fontinato wa New York Rangers, mtu aliyejulikana zaidi kwa ngumi kuliko kwa pasi. Harvey mwenyewe alisema baadaye kwamba shughuli zake za chama zilichangia sana, na mimi namwamini. Huko New York alikuwa kocha na mchezaji kwa pamoja, akaifikisha Rangers kwenye mtoano kwa mara ya kwanza tangu 1958, na Norris ya 1962 akaichukua tena. Uzee gani huo? Mwaka 1968, akiwa na miaka 43, alikuwa bado anacheza fainali akiwa na St. Louis Blues, dhidi ya Montreal haohao.

Ulevi ulimharibia mengi, hilo halifichiki. Alipochaguliwa kuingia kwenye Jumba la Heshima la hoki mwaka 1973 aligoma kuhudhuria, akaenda zake kuvua samaki, kwa kuwa aliona walimchelewesha kwa ajili ya pombe. Montreal walistaafisha jezi yake namba 2 mwaka 1985, miaka 4 kabla hajafariki.

Ombi langu kwako, mhariri, ni kwamba makala hiyo ikichapishwa tena, sentensi ya uzee iondolewe. Na pale mnapomtaja Lindsay kana kwamba alianzisha chama peke yake, jina la Harvey liwekwe kando ya lake.

Msomaji wenu,
Montreal, Kanada