Barua ya wazi kwa Waziri wa Maji: Ziwa likigeuka kijani, kuchemsha hakutoshi

Mheshimiwa Waziri wa Maji,

Salaam kutoka Mwanza. Najua mezani kwako yamejaa maombi ya visima, mabomba na matangi. Langu si bomba. Naomba maji ya Ziwa Victoria yapimwe mara kwa mara kwenye mialo, yaani fukwe za mitumbwi ya uvuvi, tunakochota, na majibu ya vipimo yabandikwe palepale kwa Kiswahili, mtu ayasome kabla hajajaza ndoo.

Tangu tukiwa watoto tumefundishwa jambo moja kuhusu maji: chemsha. Ni ushauri mzuri, umetukinga na kipindupindu na kuhara, na usiachwe. Lakini zipo siku ambapo ghubani, upepo ukitulia, ziwa hutanda utando wa kijani mzito kama rangi ya mafuta iliyomwagika. Mama anafika na ndoo, anausukuma ule utando kwa kitako cha ndoo mara mbili tatu, anachota pale palipoachia, anarudi nyumbani kuchemsha akiamini amemaliza kazi. Hajamaliza. Utando huo, ambao wengi huuita mwani, ni sainobakteria, viumbe wadogo wanaoishi kwa jua kama mimea, na baadhi yao, hasa wa jamii ya Microcystis, hutengeneza sumu ya ini iitwayo mikrosistini. Moto wa jikoni hauiharibu. Tena kuchemsha hupasua seli zao na kuimwaga majini sumu iliyokuwa bado imo ndani.

Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 1 ya sumu hiyo kwa lita kwa anayeyanywa maji hayo maisha yake yote. Na si habari za mbali: watafiti wameikuta sumu hii katika Ghuba ya Mwanza, Ghuba ya Winam upande wa Kenya, na Murchison Bay karibu na Kampala.

Agosti 2014 wakazi wapatao 400,000 wa Toledo na vitongoji vyake, jimbo la Ohio nchini Marekani, wanaotegemea Ziwa Erie, waliambiwa wasinywe maji ya bomba na wasithubutu kuyachemsha. Mji mzima ukakimbilia maji ya chupa. Wangeweza kutangaza vile kama wasingekuwa wanapima?

Kinachonenepesha utando huo kinajulikana. Mwaka 1973, huko Ontario, Kanada, mwanasayansi David Schindler na wenzake waligawanya ziwa dogo kwa pazia. Pande zote mbili walitia kaboni na naitrojeni, upande mmoja tu wakaongeza fosforasi, kirutubisho cha mimea. Upande huo ndio uliogeuka kijani. Kwetu, mtafiti Jack Talling alipima Ziwa Victoria mwaka 1960 na 1961. Waliorudi kupima miaka ya 1990 walikuta mwani umeongezeka mara kadhaa na maji yamepoteza sana uangavu wake.

Fosforasi hiyo hutoka vyooni, kwenye mitaro ya miji, kwenye udongo unaosombwa na mito kama Kagera, Simiyu na Mara. Nyingine, na hili husemwa kwa nadra, hutoka angani. Zaidi ya asilimia 80 ya maji ya ziwa hili huingia kama mvua inayonyesha moja kwa moja juu yake, na mvua hiyo hushuka na vumbi pamoja na moshi wa mashamba na mapori yanayochomwa. Ndiyo maana hucheka kimoyomoyo nikisikia viwanda vikibebeshwa lawama peke yao. Havina usafi wa malaika, lakini hata tukivifunga vyote, kiberiti cha mkulima kitaendelea kulisha mwani.

Kuna na mambo ya chini kabisa. Ziwa hili lina kina cha mita 80 hivi panapozidi. Miezi ya joto, maji ya juu huwa na joto na mepesi, ya chini huwa baridi kidogo na mazito, hayachanganyiki. Huko chini oksijeni huisha, na tope lililokuwa limeishika fosforasi huiachia. Katikati ya mwaka upepo wa kusini mashariki hulipoza ziwa na kulivuruga, maji yasiyo na oksijeni yakapanda, samaki wakaelea. Mwaloni hapo ndipo hutafutwa mchawi: nani katia sumu? Wavuvi wa sumu wapo, sikatai. Ila wakati mwingine ni ziwa limejigeuza lenyewe, na bila vipimo mtu asiye na hatia anaweza kupigwa.

Mheshimiwa, kuanza si gharama. Mwaka 1865 padre Mwitaliano Angelo Secchi alipima uangavu wa bahari kwa kushusha sahani majini. Ya maziwani siku hizi ina upana wa sentimita 20, robo nyeupe robo nyeusi kwa kupokezana. Fundi bati yeyote wa hapa anaikata, unaipaka rangi, unaifunga uzito na kamba yenye mafundo kila nusu mita. Karibu na saa sita mchana, upande wa mtumbwi wenye kivuli, unaishusha hadi ipotee machoni, unaivuta hadi ionekane tena, unachukua kipimo cha katikati. BMU, yaani vikundi vya wavuvi vya kusimamia mialo, zinaweza kufanya hivyo kila wiki.

Sahani haipimi sumu, na baada ya mvua kubwa tope nalo huificha. Kazi yake ni kutuambia lini sampuli ikimbizwe maabara. Hapo ndipo tunapokuhitaji wewe: maabara ipokee sampuli za mialo bila malipo, majibu yarudi ndani ya siku chache, na utando ukionekana tangazo lisisubiri majibu hayo. Liseme usichote hapa leo, wala usiyachemshe ukidhani yamepona, na lionyeshe kisima au kioski cha karibu. Pasipo na kisima wala kioski, boza la maji lije hadi maji ya ziwa yatakapokuwa salama.

Natanguliza shukrani.

Mkazi wa kando ya ziwa, Mwanza