Kabla ya kulipa, soma lebo: zabibu zimetoka mlima gani?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nimjibu mwandishi wenu wa makala ya mvinyo iliyotoka Jumamosi. Anadai chupa za Afrika Kusini zilizoandikwa Cabernet Sauvignon, Merlot au Shiraz zinajifanya za Ufaransa, na mnunuzi anaibiwa. Haibiwi. Hizo ni aina za zabibu. Embe dodo ulipande Muheza, ulipande Morogoro, ni dodo tu. Ni kweli Cabernet na Merlot asili yake Bordeaux, Ufaransa, na Shiraz bonde la mto Rhône hukohuko, lakini lebo haifichi kwamba zimelimwa Afrika Kusini.

Kinachomuumiza mnunuzi ni kingine. Nauza vinywaji hapa Sakina, Arusha, na kabla ya duka nilichuma zabibu Stellenbosch, Afrika Kusini, kwenye miteremko ya mlima Simonsberg. Kule juu mashine ya kuvunia haipandi, ni mkasi na kreti, na kazi inaanza alfajiri kabla jua la Februari halijakaza. Shada la Cabernet la mlimani halijazi kiganja: punje ndogo, ganda gumu, mbegu nyingi. Udongo ni wa mawe ya graniti yaliyooza, maji hayatuami, mzabibu unahangaika na unazaa kidogo. Mchana upepo unapanda kutoka ghuba ya False Bay na kupoza mashamba. Juisi ya zabibu hizi ukiikamua peke yake karibu haina rangi. Wekundu umo kwenye ganda, na ukakasi umo kwenye ganda na mbegu. Punje ikiwa ndogo, ganda linakuwa jingi ukililinganisha na maji, na mvinyo unashiba rangi na ukakasi. Nyani wa mlimani wanalijua shamba kuliko bwana shamba, wanashuka siku ileile zabibu zinapokolea.

Mabondeni, kando ya mito Breede na Olifants, wengi wanamwagilia na kuvuna kwa tani. Sina ugomvi na mvinyo huo, unateremka vizuri na bei yake inalipika. Ugomvi wangu ni kupandisha chupa ya aina hiyo bei kwa sababu tu ina picha ya mlima kwenye karatasi. Aliwahi kuniletea msambazaji mmoja, mlima umechorwa hadi na theluji!

Utajuaje? Tangu 1973 Afrika Kusini ina utaratibu wa kuthibitisha mahali zabibu zilikotoka. Lebo iliyothibitishwa ikisema Simonsberg-Stellenbosch, zabibu zote zimetoka humo. Ikisema Stellenbosch, ni wilaya hiyo, mlimani na tambarare. Ikisema Western Cape tu, zinaweza kuwa zimekusanywa popote katika jimbo zima. Jina la zabibu nalo lina sharti: ili chupa iitwe Cabernet, asilimia 85 au zaidi iwe Cabernet. Shingoni tafuta stika ndogo yenye namba, ndiyo alama ya uthibitisho huo. Picha ya mlima haina sharti lolote.

Kuna wateja wanaonirudishia chupa ya mlimani wakisema imeharibika kwa sababu inakaza ulimi. Haijaharibika. Huo ndio ukakasi niliousema, na ukiwa na mbuzi choma mwenye mafuta yake unalainika mdomoni. Asiyeupenda achukue Merlot, ni mpole zaidi, au akae na mvinyo mtamu anaouzoea. Wengine huchanganya na soda, na mimi nawauzia soda pia.

Ombi langu: ukurasa wenu wa biashara uchapishe picha ya stika hiyo, kubwa, ili namba isomeke. Na mwandishi akipita Sakina nitampangia chupa mbili kaunta, moja ya Simonsberg na nyingine ya Western Cape, zote Cabernet, bila kumwambia ipi ni ipi.

Muuza vinywaji,
Sakina, Arusha