Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Kazi: na mfunga mzigo apimwe

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima zote, nakukumbusha ahadi yako. Ulipokutana na sisi waendesha kreni, miaka miwili iliyopita, ulisema vyeti vya ujuzi havitaishia kwa opereta. Vitamfikia mfunga mzigo na mtoa ishara. Nilikuwa ukumbini. Nilipiga makofi.

Jumanne iliyopita slingi, kamba ya kufungia na kunyanyulia mzigo, ilikatika.

Nina miaka 19 kwenye kreni na cheti changu kiko hai. Mzigo ulikuwa fungu la nondo, tani 2, nyuma ya ukuta nisikoona, kwa hiyo namtegemea mtoa ishara redioni. Aliyefunga ni kijana wa siku tatu kazini. Alichukua slingi fupi ya miguu miwili, yaani kamba mbili zinazoshuka kutoka ndoano moja, ikalala hadi kubaki pembe ya nyuzi 30 tu juu ya usawa wa mzigo. Asichoambiwa na mtu ni kwamba kwa mlalo huo kila mguu haubebi tani 1. Unabeba tani 2 nzima. Skrini yangu ilionyesha uzito wa jumla, nao ulikuwa ndani kabisa ya jedwali la uwezo wa kreni. Pembe ya slingi haionyeshi.

Nondo zilimkosa kijana huyo kwa urefu wa mkono. Nilizima mashine, nikashindwa kushuka ngazi, miguu inatetemeka. Jioni yake kijana akafukuzwa kwa “uzembe”. Nani alimfundisha? Hakuna aliyeuliza.

Mkataba namba 167 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1988, unataka vyombo vya kunyanyulia viendeshwe na waliopata mafunzo yanayofaa. Nahisi wengi hulishika hilo neno “viendeshwe”, wakaishia kwangu. Nahisi pia ni pesa: mwajiri gani atamlipia mafunzo mtu anayemwita kibarua? Lakini kibarua huyo ndiye anayeamua kama mzigo utafika.

Mheshimiwa, mpimeni mfunga mzigo. Si kwa kukaa darasani siku moja na kupigwa picha. Apimwe uwanjani, slingi mkononi, na mtu asiyelipwa na mwajiri wake. Na mtoa ishara vilevile. Ulikwisha kusema mwenyewe. Mimi naomba litendeke. Mpimeni mfunga mzigo.

Jumatatu narudi kibandani. Atakayenifungia mzigo sijamjua bado.

Wako katika kazi,
Mwendesha kreni