Njiti akifikisha kilo, macho yake anayaangalia nani?

Ndugu Mhariri,

Mimi ni muuza dagaa hapa Mwaloni, Kirumba. Naomba nafasi niseme jambo kuhusu watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla miezi haijatimia.

Mwanangu wa tatu alizaliwa mimba ikiwa na wiki 30, gramu 1,350. Nilikaa naye wodini wiki saba, nimembeba kifuani ngozi kwa ngozi. Kila asubuhi ni mizani: leo kaongeza gramu 20, kesho kapungua 10. Siku tuliyoruhusiwa nilipiga vigelegele mpaka ndani ya daladala. Wauguzi wale waliniokolea mtoto, nitawashukuru mpaka naingia kaburini. Ila kwenye kadi yake hakuna aliyeandika neno kuhusu macho, wala sikuambiwa kitu.

Alipofika miaka minne, jicho la kushoto likaanza kuvutika kuelekea puani, hasa jioni akichoka. Majirani wakasema makengeza hayo, akikua yatanyooka. Nikakubali, maana alikimbia na kucheza kama wenzake.

Siku moja tunaanika dagaa, dada yake akamziba jicho la kulia kwa kiganja, mchezo tu. Mtoto akasimama palepale. Akanyoosha mikono mbele kama mtu aliyeingia chumba chenye giza, akapiga hatua mbili, akakanyaga katikati ya dagaa. Dada akahamishia kiganja jicho la kushoto, mtoto akakimbia zake. Nikamwita, nikarudia mwenyewe mara tatu, mikono inanitetemeka.

Daktari wa macho akaniambia hilo ni jicho vivu. Ukilitazama ni zima kabisa, lakini ubongo umeacha kulitegemea, umezoea lile linaloona vizuri. Mtoto halalamiki kwa sababu hajui kwamba wengine wanaona tofauti. Njiti wako hatarini zaidi, kwa kuwa makengeza na macho yasiyolingana nguvu huwapata wao kuliko watoto waliotimiza miezi. Tiba ni miwani, na kuziba lile jicho linaloona vizuri saa kadhaa kwa siku ili lile vivu lilazimike kufanya kazi. Tiba hushika vizuri mtoto akiwa bado mdogo, hasa kabla ya miaka saba. Wangu alikuwa na mitano na nusu.

Kuziba jicho linaloona si kazi ndogo, Mhariri. Alilia, akabandua plasta, akaitupa. Wifi yangu akaniuliza mbele ya watu, "Hilo moja linaloona nalo unalifunga?" Nilichofanya nikamkalisha na ungo, achambue dagaa, atoe mawe na visimbi. Mwanzo alipapasa kwa vidole. Sasa anachambua kwa kuona.

Kuna jambo jingine lililoninyima usingizi. Njiti mdogo kama wangu, mishipa ya damu ya nyuma ya jicho inakuwa haijamaliza kukua, na oksijeni ikizidi inaweza kuivuruga mpaka mtoto akapofuka. Kuna kipimo chake, hufanywa kama wiki ya nne baada ya kuzaliwa. Wiki ya nne! Sisi tulikuwa bado wodini, kitanda cha dirishani. Mungu alimwepusha mwanangu na hilo, lakini hatukupimwa.

Ninachoomba kwa wanaosimamia wodi za njiti ni hiki: mtoto apimwe macho kabla hajaruhusiwa, na tarehe ya kurudi iandikwe kwenye kadi kama inavyoandikwa ya chanjo. Mama anayetoka Ukerewe, akishapanda meli kurudi Nansio, si rahisi apate nauli ya kuja mjini kuuliza jambo ambalo hata hajaambiwa kwamba lipo. Na walimu wa chekechea, tafadhalini, mzibeni kila mtoto jicho moja moja, mwonesheni picha ukutani. Haichukui hata dakika mbili.

Muuza dagaa,
Mwaloni Kirumba, Mwanza