Risala ya klabu ya wanyamapori ya sekondari yetu ya Mikumi kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti wa Bodi ya Shule,
Mheshimiwa Diwani,
Mkuu wa Shule na walimu wetu,
Wazazi, wanafunzi wenzetu, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujalia uzima hata tukakutana hapa leo. Pili, tunakushukuru wewe binafsi kwa kukubali mwaliko wetu, na zaidi kwa kufika siku ileile iliyoandikwa kwenye barua. Kwetu hilo si jambo dogo, na tuna sababu za kusema hivyo. Utazisikia huko mbele.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tumeambiwa asubuhi hii umetokea Morogoro. Maana yake umepita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, kilomita 50 za lami, hifadhi kushoto na hifadhi kulia. Pengine uliwaona pundamilia jirani na barabara, au nyani waliokaa ukingoni wakisubiri abiria wawatupie maganda ya ndizi. Pengine ulikuwa unaongea na simu, jambo la kawaida kwa mtu mwenye majukumu kama yako. Kwa vyovyote vile, tunaomba uikumbuke safari hiyo mpaka mwisho wa risala hii.

Historia yetu ni fupi nasi tutaipitia haraka. Hifadhi ilitangazwa mwaka 1964, ina ukubwa wa kilomita za mraba 3,230, na upande wa kusini imepakana na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere iliyomegwa kutoka Pori la Akiba la Selous mwaka 2019. Klabu yetu haina umri huo. Ilianzishwa na mwalimu wa Biolojia pamoja na wanafunzi tisa, chini ya mwembe ule mnaouona pale, baada ya kugundulika kwamba nusu ya darasa walikuwa wanamwita kila mnyama mwenye pembe "swala".

Tangu hapo tumepata mafanikio makubwa. Tumeanzisha maktaba ya kisasa ya wanyamapori, ambayo kwa sasa ipo kwenye rafu moja ofisini kwa mwalimu wa taaluma. Tumepanda miti kuzunguka shule, na ile ambayo mbuzi hawakuifikia inaendelea vizuri sana. Tumeshika nafasi ya pili katika mashindano ya ngonjera za mazingira. Shule zilizoshiriki zilikuwa chache, lakini nafasi ya pili ni nafasi ya pili. Na kila mwisho wa mwezi tunakwenda stendi kuwaelimisha abiria wasitupe chakula dirishani, kwa sababu nyani aliyezoea kulishwa hukaa barabarani, na anayekaa barabarani mwisho wake ni kugongwa. Baadhi ya abiria hutusikiliza. Wengine hudhani tunauza kitu.

Hayo ni mafanikio, Mheshimiwa. Sasa tuingie kwenye lililotuleta.

Klabu hii inaitwa ya wanyamapori, lakini wanachama wake wengi hawajawahi kuingia hifadhini. Simba tunamjua kwa noti ya shilingi elfu mbili. Faru yupo kwenye elfu tano na tembo yupo kwenye elfu kumi, na hao hatuwaoni mara kwa mara hata kwenye noti. Twiga tunamjua kwa kile kibao cha barabarani kinachoonyesha picha za wanyama na faini ya kumgonga kila mmoja. Kuna mwanafunzi wetu wa kidato cha kwanza aliulizwa darasani aeleze anachokifahamu kuhusu twiga, akasimama akataja faini yake. Mwalimu hakujua ampe maksi au asimpe.

Tunafahamu jibu linalotolewa hapa, kwa kuwa tumeshapewa. Mgeni rasmi wa mwaka jana, aliyesimama palepale uliposimama wewe, alisema: "Lakini nyinyi watu wa Mikumi mna bahati, wanyama si mnawaona bure barabarani?" Watu walicheka, na sisi tulicheka kwa heshima. Leo tunaomba ruhusa ya kumjibu.

Mheshimiwa, barabarani mtu anaona mgongo. Basi halisimami, na haliruhusiwi kusimama. Hata dereva akivitii vibao vyote vya mwendo, mnyama uliyemwona ameshabaki nyuma kabla hujamwonyesha mwenzako wa kiti cha pili. Ukiwa umekaa upande wa jua, pazia limefungwa. Hiyo ni safari ya kwenda Morogoro kununua madaftari. Hatuwezi kuiita utalii.

Tunasema hivi tukiwa na ushahidi, kwa kuwa klabu imefanya ziara ya mafunzo hifadhini. Ilikuwa mwaka juzi. Wazazi walichanga, tukakodi gari kwa siku moja, na kwa kuwa viti havikutosha tulipiga kura. Waliokosa walitusindikiza hadi getini mwa shule, saa kumi na moja alfajiri, wengine wakiwa na sare kamili kana kwamba wanakwenda.

Tuliingia jua likichomoza, tukashika njia ya vumbi kuelekea mbuga ya Mkata. Mwongozaji wetu alitupa masharti: kutoshuka, kutopiga kelele, kutotoa mkono nje. Mbele kidogo akasimamisha gari na kuzima injini. Hatukuona kitu. Kisha wakatokea pofu, kundi zima, rangi ya udongo mkavu. Katika jamii ya swala hakuna mkubwa kuliko pofu. Dume moja lilipita karibu, ngozi ya shingo ikining'inia, na kila lilipokanyaga tulisikia mlio mguuni: tak, tak, tak. Tulidhani ni kijiti. Mwongozaji akasema hapana, pofu dume ndivyo anavyotembea, mguu wake wa mbele unalia, na madume wengine wakiusikia wanajua nani anakuja. Gari zima lilikaa kimya tukisikiliza miguu ya mnyama. Yule mwanachama wetu ambaye walimu wote wanamfahamu kwa kelele, naye alinyamaza.

Kutoka pale tulikwenda bwawa la viboko, tukajifunza kwamba wanashinda majini kuikinga ngozi yao na jua, na usiku ndio hutoka kwenda kula majani. Tukaona kundi la tembo likivuka njia, jike kuukuu mbele, watoto katikati, na tukaelezwa kwamba huyo bibi ndiye kiongozi, ndiye anayekumbuka maji yako wapi kiangazi kikizidi. Wasichana wa klabu walilishangilia jambo hilo hadi mwongozaji akawakumbusha sharti la pili. Simba tuliwakuta wamelala chini ya mti, na wakaendelea kulala. Tulikuwa tumeandaa maswali mengi kuhusu simba anavyowinda. Tukajibiwa kwamba simba anaweza kulala hadi saa 20 kwa siku, hivyo tulichokiona ndiyo kazi yake ya kawaida.

Hakuna hata kimoja katika hivyo kinachoonekana kutoka barabarani. Mlio wa mguu wa pofu hausikiki ndani ya basi lenye redio.

Kuna na upande wa ajira, Mheshimiwa, ambao wazazi wametuomba tusiusahau. Wanaoongoza watalii hapa kwetu wengi wametoka mbali. Hatuwaonei wivu, wamesoma na wanajua kazi. Ila kijana aliyezaliwa hatua chache kutoka kwenye mpaka wa hifadhi akiomba kazi kambini, akiulizwa atofautishe unyayo wa fisi na wa chui, anatazama chini. Chini hakuna unyayo. Anarudi stendi kuuza karanga kwenye madirisha ya mabasi yanayopeleka wageni walikokwenda kuziona hizo nyayo.

Kinachotuzuia si kiingilio. Mtanzania analipa kwa shilingi, mwanafunzi analipa kidogo, na wazazi wetu hawajawahi kulalamikia hilo. Hatuzuiwi na hifadhi pia. Ziara ile tulipokelewa vizuri sana. Kinachotuzuia ni gari. Magari ya utalii hukodishwa kwa bei ya watalii, na ukimwambia mwenye gari kwamba abiria ni wanafunzi wa kutwa anauliza kama unatania.

Na hapa, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ndipo tunapoomba masikio yako yote. Gari tunalo.

Miaka minne iliyopita mgeni rasmi wa wakati huo aliguswa na risala yetu, akatangaza hapahapa kwamba anatupa basi. Tulipiga vigelegele. Na kweli basi lilikuja, likiwa juu ya lori. Ni Coaster, ina viti, ina vioo karibu vyote, ina hata kengele ya konda. Haikuwa na injini wala gia boksi. Tuliambiwa injini ingefuata baada ya wiki mbili. Tukaliweka juu ya mawe nyuma ya jiko ili matairi yasioze. Mawe yapo. Matairi yameoza.

Mgeni rasmi aliyefuata tulimweleza habari hiyo, akasikitika sana, akamwagiza msaidizi wake aandike. Msaidizi aliandika, tulimwona. Tulipopiga namba tuliyoachiwa tuliambiwa suala lipo kwenye mchakato, na tulipopiga tena namba ikawa haipatikani. Wa mwaka jana, yule wa wanyama wa bure, alituachia jezi seti moja. Klabu ya wanyamapori haina timu, lakini tulizipokea kwa mikono miwili, na timu ya netiboli inazivaa hadi leo.

Hatusemi haya kwa kulaumu. Waliotangulia walitusaidia kwa nafasi zao, na bila wao tusingekuwa na mahali pa kufugia nyuki. Ndiyo, Mheshimiwa, nyuki wamehamia kwenye basi, upande wa siti za nyuma, na mwalimu mlezi ameshaanza kuwafundishia wanafunzi mada ya uchavushaji. Tunatumia tulichonacho.

Kwa hiyo ombi letu ni moja. Tunaomba injini. Fundi amelipima gari na kusema injini ya 1HZ iliyotumika, yenye hali nzuri, pamoja na gia boksi yake na matairi sita, itaiamsha. Fundi mwenyewe ni mzazi wa shule hii, amejitolea kazi bila malipo, na ndiye yule aliyekaa kule nyuma na ovaroli ya bluu. Amekuja nayo makusudi. Bima, ukaguzi na mafuta ya ziara ya kwanza vitalipwa na wazazi; kikao kimeshapitisha na muhtasari tunao. Profoma ya vipuri imo kwenye bahasha utakayokabidhiwa. Ni profoma ya tatu. Mbili za mwanzo bei zake zilipitwa na wakati zikiwa kwenye mafaili ya watu.

Hatuombi basi jipya, na kwa heshima yote tunakusihi usituahidi basi jipya. Tunaogopa likija nalo litakuja juu ya lori. Hatuombi kofia wala fulana. Kama kuna chochote ulichokusudia kutupa leo kwa ajili ya picha, kamati iko radhi kupiga picha na profoma.

Tunaomba pia, endapo jambo hili haliwezekani kwa upande wako, utuambie leo. Hatutanuna, na chakula tutakula pamoja. Kinachotuchosha ni kusubiri, kwa sababu msimu wa kiangazi ndio mzuri kwa kutazama wanyama, kuanzia Juni hadi Oktoba, wakati majani yamepungua na wanyama wanafuata maji. Mvua zikishaanza, udongo mweusi wa Mkata hauchezewi na Coaster, iwe na injini au isiwe nayo. Kila ahadi inayochukua mwaka mmoja inatula kiangazi kizima, na inamhitimisha kidato cha nne mmoja asiyewahi kumwona pofu. Walioanzisha klabu hii wote wameshamaliza shule. Walioingia hifadhini kati yao ni wawili.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwenye ratiba uliyonayo mkononi, baada ya risala hii kumeandikwa chakula. Kamati imefanya marekebisho madogo asubuhi ya leo, na tunaomba radhi kwa kutokukutaarifu mapema. Kabla ya chakula tutapita nyuma ya jiko kwa dakika tano, ukalione gari kwa macho yako. Fundi atatangulia kufungua boneti ili uone nafasi iliyo wazi. Tunaomba msafara usisogelee madirisha ya nyuma, na wenye marashi makali wasimame upande wa mbele, kwa sababu ya nyuki.

Naomba kuwasilisha.

Katibu wa klabu, kidato cha tatu,
kwa niaba ya kamati